Ndugu ameumia Marekani: maswali kuhusu kudai fidia pale ambapo kosa dogo hufuta haki yote

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya familia za Lubumbashi, huko Kongo, iwe katika komini (manispaa) za Katuba, Kenya, Ruashi au Kampemba, zenye mtoto, shemeji au mjomba anayeishi Maryland, Virginia, North Carolina au Alabama. Habari ya ajali ikitufikia huku, mara nyingi ni usiku wetu na mchana wao, na ndugu wote huanza kushauri kwa nia njema. Baadhi ya mashauri hayo, ambayo yangefaa kabisa kwetu, huko yanaweza kumnyima aliyeumia kila senti. Maelezo yafuatayo hayachukui nafasi ya mwanasheria wa jimbo husika. Yanalenga kuisaidia familia kuuliza maswali yanayofaa mapema.

Kwa nini majimbo hayo yanatajwa peke yake?

Kwa sababu yamebaki na kanuni ambayo sehemu kubwa ya Marekani imeiacha. Katika majimbo hayo manne, mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine hapati fidia yoyote ikithibitishwa kwamba yeye mwenyewe pia alikuwa na uzembe uliochangia kuumia kwake, hata kama mchango wake ni mdogo sana. Tuseme hasara ni dola 100,000, na kosa la aliyeumia ni sehemu moja kati ya kumi. Huko California au New York atapata dola 90,000. Huko North Carolina atapata sifuri.

Mji mkuu, Washington, nao ulikuwa na kanuni hiyo kwa ajali zote, lakini kwa sheria ya mwaka 2016 watembea kwa miguu na waendesha baiskeli waliogongwa na magari waliondolewa humo: sasa wananyimwa fidia tu endapo kosa lao linazidi kosa la wadaiwa wote kwa pamoja. Kwa dereva wa gari aliyegongana na gari lingine, ukali wa zamani umebaki palepale.

Kanuni hiyo ilitoka wapi?

Ilitoka Uingereza. Mwaka 1809 mahakama ilimnyima fidia mpanda farasi aliyejikwaa kwenye mti uliowekwa kizembe barabarani, kwa kuwa alikuwa akienda mbio na angeweza kuuona. Uingereza yenyewe iliifuta kwa sheria ya mwaka 1945. Maryland iliipokea katikati ya karne ya 19, na mwaka 2013 mahakama yake ya juu kabisa iliombwa iiache ikakataa, ikisema kwamba jambo hilo ni la Bunge kulibadilisha.

Kesi hiyo ya 2013 inafaa kukumbukwa na kila mpenzi wa soka. Kijana aliyekuwa akisaidia kufundisha timu alirukia mwamba wa juu wa goli akauning'inia. Goli halikuwa limefungwa chini, likamwangukia na kuvunja mifupa ya uso wake. Juri, yaani jopo la wananchi wanaoamua kesi, lilikubali kwamba chama cha soka kilikuwa na uzembe. Lilikubali pia kwamba kijana alikuwa na uzembe. Basi hakupata chochote.

Je, kwetu Kongo sheria si ileile?

Hapana, na hapa ndipo familia nyingi hupotoka. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Kiraia, kinachotokana na dikrii ya 30 Julai 1888, kinamlazimu kila mtu aliyesababisha hasara kwa kosa lake kuirekebisha, na kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa na tahadhari. Aliyeumia naye akiwa na kosa, mahakama zetu hugawanya wajibu na kupunguza fidia kulingana na sehemu yake. Kosa lake humnyima yote pale tu linapokuwa ndilo chanzo pekee cha ajali.

Mtu aliyekulia katika mpango huo huona si vibaya kukiri sehemu yake ndogo ili mambo yaende kwa amani, mzee wa familia akae na mzee wa upande wa pili, watu wakubaliane. Ni desturi njema na sitaki kuidharau. Lakini huko ng'ambo kukiri sehemu ndogo ni kukiri yote, na karani wa bima anayesikiliza kwa upole anangojea neno hilo tu.

Ajali imetokea jimbo lingine wakati ndugu yetu anaishi Virginia. Sheria ipi inatumika?

Ni sheria ya mahali ajali ilipotokea. Virginia, Maryland, North Carolina na Alabama zote hufuata njia hiyo katika madai ya kuumizwa. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa wanaoishi mipakani au wanaoendesha malori. Katika mji wa Bristol mpaka wa Virginia na Tennessee unapita katikati ya barabara kuu ya mji: aliyeumia upande wa Tennessee anaweza kupata fidia iliyopunguzwa, mradi kosa lake halijafikia nusu, ilhali aliyeumia hatua chache upande wa pili hapati kitu. Andikeni mapema mahali kamili, pamoja na jina la barabara na la mji.

Nani anapaswa kuthibitisha kwamba aliyeumia alikosea?

Anayedaiwa. Mdai anathibitisha uzembe wa mwenzake na hasara aliyoipata. Anayedaiwa, ambaye kwa kweli ni kampuni yake ya bima, ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha uzembe wa mdai. Sheria haimlazimu ndugu yenu kutoa ushahidi wa kosa lake mwenyewe kwa mtu wa bima ya upande wa pili anayepiga simu.

Afanye nini saa za kwanza na siku za kwanza?

Aite polisi hata kama dereva mwenzake anamsihi wamalizane wawili. Ripoti ya polisi ndiyo karatasi ya kwanza ambayo kila mtu ataisoma. Akiulizwa, aeleze aliyoyaona na kuyasikia kwa ukweli mtupu, bila kukisia: asiseme mwendo ambao hakuuangalia, wala umbali ambao hakuupima, wala asiombe radhi ili kutuliza hasira za mwenzake. Kumpa pole aliyeumia ni utu; kusema “labda nami sikuangalia vizuri” wakati hana hakika ni kujihukumu kabla ya mahakama. Simaanishi kwamba aseme uongo. Uongo mmoja ukigunduliwa huua hata sehemu ya kweli ya madai.

Apige picha za barabara, taa, alama, matairi, mvua, giza, na majeraha. Achukue majina na namba za simu za mashahidi kabla hawajaondoka, kwa sababu shahidi mmoja asiye na undugu na yeyote anaweza kuokoa kesi nzima. Kamera za maduka hufuta picha baada ya muda mfupi, hivyo mwanasheria anapaswa kupeleka barua ya kuomba zihifadhiwe bila kuchelewa. Ikiwa aliteleza dukani, aweke viatu alivyovaa bila kuvifua. Upande wa pili utauliza juu ya soli. Utauliza pia kama maji yale yalionekana wazi na kama alikuwa akitazama simu, kwa sababu katika majimbo haya hatari iliyo wazi mbele ya macho ni hoja inayopendwa sana na wenye maduka.

Aende hospitali siku hiyohiyo. Watu wetu hujikaza, hunywa dawa ya maumivu na kurudi kazini, kisha mwezi wa pili mgongo unakataa. Kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, chumba cha dharura cha hospitali kinachopokea fedha za serikali kupitia bima ya wazee lazima kimpime mgonjwa na kumtuliza hali yake bila kujali uwezo wa kulipa. Hapo adai mkalimani wa Kiswahili, na aseme wazi kwamba ni Kiswahili cha Kongo. Asimtumie mtoto wake kutafsiri: daktari huandika alichoelewa, na maandishi hayo husomwa baadaye na watu wasiomtakia mema.

Kampuni ya bima ya upande wa pili imempigia na inataka kurekodi maelezo yake. Akubali?

Asikubali kabla ya kuzungumza na mwanasheria. Kampuni yake mwenyewe ni jambo jingine, kwani mkataba wake unaweza kumtaka ashirikiane nayo, lakini hata huko aombe mkalimani na muda. Hundi ya haraka inayoletwa na karatasi ya kutia sahihi nayo ni mtego: sahihi hiyo kwa kawaida hufunga madai yote, hata kama upasuaji utahitajika baadaye. Nawasihi wazazi na kaka wakubwa wa Lubumbashi wasimsukume apokee hundi hiyo kwa sababu huku kuna ada za shule au msiba wa kulipia. Shida hizo ni za kweli. Hata hivyo mguu wake ni mmoja.

Vivyo hivyo, faini ya barabarani asiilipe kimyakimya. Katika baadhi ya majimbo kukiri kosa mbele ya hakimu wa trafiki kunaweza kutumika dhidi yake katika kesi ya fidia.

Kwa kweli alikosea kidogo. Je, yamekwisha?

Si lazima. Ipo milango michache, na mwanasheria mzuri huanza kuitafuta siku ya kwanza.

Mlango wa kwanza ni kanuni ya nafasi ya mwisho ya kuepusha ajali, iliyozaliwa katika kesi ya Uingereza ya mwaka 1842 iliyohusu punda aliyefungwa miguu na kuachwa barabarani. Inasema hivi: hata kama aliyeumia alijiingiza hatarini kwa uzembe, ikiwa hakuweza tena kujinasua, na mwenzake alimwona au alipaswa kumwona akiwa bado na muda wa kusimama au kukwepa, basi uzembe wa kwanza haumzuii kupata fidia. Anayezoea kuvuka barabara ya Kasenga popote nafasi inapopatikana huenda akavuka hivyohivyo huko Raleigh, nje ya alama za watembea kwa miguu, na hilo peke yake linaweza kumfutia haki. Lakini ikiwa alikuwa amekwama katikati, na dereva alikuwa na nafasi ndefu ya kumwona chini ya taa, kesi inapumua tena. Ndiyo maana urefu wa alama za breki, umbali wa kuona na mwanga wa taa hupimwa, na ndiyo maana picha za siku ya kwanza zina thamani.

Mlango wa pili ni ukali wa kosa la mwenzake. Uzembe wa kawaida wa mdai kwa kawaida haumkingi mtu aliyetenda kwa makusudi au kwa kudharau kabisa uhai wa wengine, kwa mfano dereva mlevi sana anayekimbia mitaani. Mipaka ya jambo hili hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na Maryland ni kali zaidi.

Wa tatu ni ule wa sababu. Kosa la mdai lazima liwe limechangia kuumia. Mtu ambaye leseni yake imeisha muda lakini alikuwa amesimama kwenye taa nyekundu alipogongwa nyuma ana kosa la makaratasi, si kosa lililoleta ajali.

Abiria, kwa upande wake, habebeshwi kosa la dereva aliyembeba. Anaweza tu kulaumiwa kwa kosa lake mwenyewe, na lile linalojulikana zaidi ni kupanda gari akijua kwamba dereva amelewa.

Hakufunga mkanda. Je, hilo ni uzembe unaofuta haki?

Katika majimbo yote manne sheria imesema kwamba kutofunga mkanda hakuwezi kutumiwa kama ushahidi wa uzembe wake katika madai ya namna hii. Bado afunge.

Aliyegongwa ni mtoto. Naye anahukumiwa kwa ukali huo?

Kwa North Carolina, Virginia na Alabama, mtoto chini ya miaka 7 hawezi kuhesabiwa kuwa na uzembe kabisa, na kati ya miaka 7 na 14 huchukuliwa kwamba hana uwezo huo mpaka upande wa pili uthibitishe kinyume. Maryland huweka umri wa chini katika miaka 5. Makubaliano ya fidia ya mtoto kwa kawaida lazima yaidhinishwe na hakimu, hata kama wazazi wamekwisha kukubali, na ni vizuri iwe hivyo.

Aliumia kazini, katika kiwanda cha kuku au katika ghala. Ukali huu unamhusu?

Hapa kuna habari njema ambayo watu wengi hawaijui. Bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini hailipi kwa kuangalia nani alikosea: hata aliyeweka mkono mahali pabaya kwa uchovu hulipiwa matibabu na sehemu ya mshahara, isipokuwa katika hali chache kama ulevi au kujiumiza kwa makusudi. Huko North Carolina na Virginia amjulishe mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30, na afungue madai kwenye tume ya jimbo ndani ya miaka 2. Msimamizi akimwambia “pumzika tu nyumbani, tutaona”, aandike barua siku hiyo.

Ikiwa aliyemuumiza ni mtu wa nje, kwa mfano dereva wa kampuni nyingine aliyerudisha lori nyuma uwanjani, anaweza kuwa na madai mawili pamoja: bima ya kazi, na kesi ya fidia dhidi ya mtu huyo wa nje. Hiyo ya pili itafuata ukali tuliouzungumzia.

Kuna malipo mengine yasiyoangalia kosa?

Maryland huweka katika bima ya gari ulinzi wa matibabu na mshahara usiopungua dola 2,500, usiojali nani alikosea, isipokuwa mwenye bima aliukataa kwa maandishi. Kwingineko aangalie kama bima yake ina sehemu ya matibabu. Ni fedha ndogo, lakini hufika mapema.

Muda wa kufungua kesi ni upi?

Maryland ni miaka 3, North Carolina ni miaka 3, Virginia ni miaka 2, na Alabama ni miaka 2. Kwa kifo, North Carolina hushuka hadi miaka 2. Anayedaiwa akiwa serikali ya mji au ya wilaya, notisi ya maandishi hutakiwa mapema zaidi: Washington ni miezi 6, na serikali za mitaa za Maryland ni mwaka 1. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo. Kampuni inaweza kuzungumza kwa upole hadi siku ya mwisho, na siku inayofuata isipokee simu.

Mwanasheria analipwaje, na fidia inaweza kufikia wapi?

Katika kesi hizi mwanasheria kwa kawaida halipwi mwanzoni. Huchukua asilimia ya kilichopatikana, mara nyingi theluthi moja, na zaidi kesi ikifika mahakamani. Mkataba uwe wa maandishi na utafsiriwe kabla ya kusainiwa. Mtu anayekuja hospitalini au kanisani akijitolea kupeleka mgonjwa kwa mwanasheria fulani kwa malipo ni wa kuepukwa, hata akizungumza lugha yetu.

Kiasi hutegemea pia bima ya aliyekosea. North Carolina, kwa mikataba ya kuanzia Julai 2025, kiwango cha chini ni dola 50,000 kwa mtu mmoja na 100,000 kwa ajali nzima. Maryland ni dola 30,000 na 60,000. Hospitali na baadhi ya bima za afya hudai zirudishiwe kutoka katika fedha hizo. Familia iliyosikia habari ya “dola laki” isianze kugawana kiwanja.

Hana karatasi za ukaaji. Anaweza kudai?

Kwa ujumla ndiyo. Haki ya kudai fidia ya kuumizwa haitegemei visa. Amweleze mwanasheria wake ukweli wote, kwa kuwa mazungumzo hayo ni ya siri, na asiueleze kwa mtu wa bima.

Amefariki. Sisi tulio Lubumbashi tuna nafasi gani?

Huko baraza la familia halifungui kesi, hata likiongozwa na mjomba mkubwa. Kwa kawaida kesi hufunguliwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa kwa taratibu za jimbo (Maryland hufunguliwa na wanufaika wenyewe), na wanaonufaika wametajwa na sheria: kwanza mke au mume na watoto, na huko Maryland wazazi pia. Virginia ina kipengele ambacho kila mzazi wa huku anapaswa kukijua: baba au mama aliyekuwa akipokea msaada wa kawaida kutoka kwa marehemu katika miezi 12 kabla ya kifo anaweza kuhesabiwa miongoni mwa wanufaika. Kwa hiyo risiti za Western Union na ujumbe wa M-Pesa mlizokuwa mkizifuta kwenye simu ni ushahidi. Zihifadhini, na mwombeni wakala nakala za zile za zamani.

Uhusiano nao huthibitishwa kwa karatasi. Mke aliyetolewa mahari yote lakini ndoa yake ya kimila haikuandikishwa mbele ya ofisa wa hali ya raia atapata shida kubwa kujieleza mbele ya hakimu wa ng'ambo. Mtoto ambaye kuzaliwa kwake hakukutangazwa komini ndani ya siku 90 zinazotakiwa na Sheria ya Familia iliyorekebishwa mwaka 2016 atahitaji kwanza hukumu ya mahakama ya huku itakayowezesha kupata cheti. Majina yaandikwe kwa tahajia ileile kwenye karatasi zote. “Ilunga Kabamba” wa cheti na “Kabamba Ilunga” wa pasipoti ni watu wawili machoni pa karani. Kisha karatasi zihalalishwe na zitafsiriwe na mtafsiri anayekubalika. Haya yote huchukua miezi, nayo saa ya miaka 2 (Maryland 3) inaendelea kuhesabu tangu siku ya kifo, basi anzeni komini hata kabla ya arobaini.

Tunaruhusiwa kuweka picha zake kwenye WhatsApp na Facebook?

Msiweke. Wanasheria wa bima hutazama kurasa za ndugu kama wanavyotazama za mdai. Picha ya harusi ya mwaka jana, mkiiweka leo bila tarehe, itamwonyesha akicheza wakati ameapa kwamba hawezi kusimama. Maneno ya binamu anayeandika “alikuwa anakimbia sana, Mungu amemwokoa” yatachapishwa na kuletwa mbele ya juri, hata kama binamu huyo hajawahi kukanyaga Marekani. Maombi na changizo fanyeni nyumbani au kanisani, na anayetaka kuandika habari za ajali amuulize kwanza mwanasheria wa ndugu yake.